Hotuba Juu ya Haki ya Ardhi ya Mila, na Hukumu Tatu Zenye Mafundisho Kwetu

Hotuba hii ilisomwa mjini Babati mbele ya wenyeviti wa vijiji, wazee na walimu. Twaichapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mimi ni karani tu. Si hakimu, wala si wakili. Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wanaoshtakiana, na kuyatunza majalada yao mpaka siku yatakapotakiwa. Lakini akaaye karibu na kisima hujua nani achota mapema na nani achelewaye. Katika miaka niliyokaa na majalada hayo nimeona jambo moja likirudi tena na tena: watu wengi wenye haki hushindwa barazani, na sababu si kwamba hawana haki, bali ni kwamba haki yao hawakuiwekea ushahidi.

Ndiyo maana leo sitawapa mawaidha yangu mwenyewe. Nataka kuwaeleza hukumu tatu zilizotolewa na mahakama za nchi hii juu ya ardhi inayokaliwa kwa mila, yaani ardhi ya namna ile ile tunayoilima na kuchungia sisi. Ya kwanza ilitoka jirani zetu wa mbuga za Basotu, huko Hanang. Ya pili ilitoka mbali kidogo, Muleba katika nchi ya Wahaya. Ya tatu ilitoka Kambi ya Simba, katika kata ya Mbulumbulu, mahali ambapo wengi wenu mna shemeji na wajomba. Katika hukumu ya kwanza wananchi walishindwa. Katika ya pili mwanamke mmoja alishinda. Na katika ya tatu baba na mwanawe walisababisha haki ya wakulima wote wa Tanzania Bara itamkwe wazi. Tukiziweka pamoja, tutaona njia yetu.

Kwanza sharti tukumbuke tulikotoka. Wadachi walipoitawala nchi hii, mwaka 1895 walitoa amri kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe anayetambulikana kwa sheria yao ni mali ya Serikali yao. Waingereza walipokuja baada ya vita, walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Sheria hiyo ilisema ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma, nayo imewekwa chini ya Gavana kwa faida ya wenyeji. Mwaka 1928 sheria hiyo ikaongezwa maneno, ikatambua kwamba mwenyeji au jamaa ya wenyeji wanaoitumia ardhi kwa mila na desturi zao wana haki ya kuikalia, hata kama hawana karatasi ya Serikali.

Maneno hayo yalikuwa mazuri kwenye kitabu. Lakini je, haki hiyo ilikuwa na nguvu gani? Majirani zetu wa Kenya, katika miaka ya mwanzo ya 1920, waliambiwa na Jaji Mkuu Barth katika kesi ya Isaka Wainaina kwamba haki zao za asili zimekwisha, na kwamba wao ni wapangaji tu wa Mfalme, wanaokaa kwa hiari yake. Hapa kwetu hukumu ya namna hiyo haikutamkwa kwa ukali ule, lakini matendo yalisema. Mwezi wa Novemba 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuyapeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Mataifa yalimsikiliza, lakini ardhi haikurudishwa wakati ule. Basi tangu zamani swali limekuwa moja: je, mtu aliyerithi shamba kwa baba yake, naye baba alirithi kwa babu, ni mwenye mali au ni mpangaji anayevumiliwa?

Nchi ilipopata uhuru, ardhi iliendelea kuwa ya umma, na mahali pa Gavana akawekwa Rais. Swali lile likabaki bila jibu.

Sasa twende Basotu. Ninyi wafugaji mwazijua mbuga zile kuliko mimi. Wabarabaig walizichungia tangu zamani kwa mpango wao: malisho ya masika mahali pake, ya kiangazi mahali pake, ili majani yapate kupumzika. Humo zimo bung'eda, yaani makaburi makubwa ya udongo ya wazee waliotukuzwa. Katika miaka ya 1970 Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, lililoitwa NAFCO, lilianza kulima ngano huko kwa msaada wa Serikali ya Kanada. Mashamba yakaongezeka mpaka yakawa saba, na jumla yake yakaribia ekari 100,000. Nchi ilihitaji mkate, hilo hatulikatai. Lakini ardhi ile nzuri ndiyo iliyokuwa moyo wa malisho, na mwenye ng'ombe akifungiwa malisho ya masika, mwaka wake mzima umeharibika. Hata baadhi ya bung'eda zilipitiwa na jembe la trekta.

Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw hawakushika mikuki. Walishika njia ya sheria. Mwaka 1981 halmashauri ya kijiji pamoja na wanakijiji kadhaa walilishtaki shirika lile katika Mahakama Kuu ya Arusha, wakidai kwamba limeingia katika ardhi yao na kuharibu mazao na nyumba. Mahakama Kuu ikawapa ushindi na kuamuru walipwe fidia. Naam, siku hiyo ilikuwa siku ya furaha.

Lakini shirika lilikata rufani, na Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu ile. Hukumu hiyo imechapishwa katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1985, na kila mwenyekiti wa kijiji angefaa aisikie. Mahakama ilisema mambo mawili. La kwanza, halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba iligawiwa ardhi ile kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kuwa na kijiji ni jambo moja. Kuwa na ardhi iliyogawiwa kijiji ni jambo jingine. La pili, wanakijiji waliodai haki ya mila iliwapasa wathibitishe, kila mmoja kwa nafsi yake, kwamba yeye ni mwenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi, na kwamba alikikalia kipande chake kwa mila. Wadai walikuwa wengi, lakini waliosimama mbele ya hakimu kutoa ushahidi walikuwa wachache sana, na hao wachache nao hawakuulizwa wala hawakueleza asili yao.

Fikirini jambo hili, wazee wangu. Watu ambao baba zao wamezikwa katika mbuga ile waliambiwa kwamba hakuna ushahidi kuwa wao ni wenyeji. Wengi wameilaumu hukumu ile, na mabingwa wa sheria katika Chuo Kikuu wameiandika sana. Mimi nami, nikiisoma, moyo huniuma. Lakini karani amefundishwa kutazama kilichomo ndani ya jalada. Hakimu hawezi kuandika lile analolijua kijiji kizima ikiwa hakuna aliyesimama akalisema. Jambo ambalo kila mtu analijua ndilo ambalo hakuna mtu hulitolea ushahidi, na hapo ndipo tulipoangukia.

Hukumu ya pili ni fupi kuieleza, ingawa wengine wenu huenda ikawachoma. Inaitwa kesi ya Ephrahim na Pastory. Mwanamke mmoja Mhaya alirithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake. Mwezi wa Agosti 1988, akiwa mtu mzima, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Mpwa wake akaenda katika Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba mauzo yale ni batili, kwa kuwa mila ya Wahaya hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mila hiyo haikuwa maneno ya kilabuni tu. Ilikuwa imeandikwa katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikampa mpwa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikamgeuza. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya.

Mwezi wa Februari 1990 Jaji akatoa hukumu. Alisema kwamba tangu mwaka 1984 Katiba yetu ina sura ya haki za binadamu, nayo yakataza ubaguzi. Na kwamba nchi yetu imetia sahihi mapatano ya mataifa yanayokataza kumbagua mwanamke. Basi sheria ya mila inayompa mwanamume ruhusa ya kuuza na kumnyima mwanamke ruhusa hiyo hiyo, haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mauzo yakathibitishwa. Ukoo haukufungiwa mlango kabisa: mpwa aliambiwa akitaka kulikomboa shamba, amrudishie mnunuzi zile shilingi 300,000 katika muda wa miezi sita.

Nawaeleza hukumu hii kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba na kwetu wako wajane na mabinti ambao shamba linapogawanywa huambiwa, wewe utakula kwa mumeo. Mume akifa, huambiwa rudi kwa baba yako. Mtu huyo atakula wapi? Tangu mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji imetamka wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kukalia ardhi ni batili. Mzee anayeamua shauri kwa mila ya namna hiyo anajenga juu ya mchanga. Hukumu yake itaanguka mara ifikapo juu. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Hukumu ile ilionyesha kwamba mila na Katiba zaweza kukutana mbele ya jaji, na Katiba ndiyo iliyo juu. Siku ile ilikuwa kwa hasara ya ukoo mmoja. Miaka minne baadaye, Katiba hiyo hiyo ilisimama upande wa wenye mila, nayo ndiyo habari ya hukumu ya tatu.

Wazee mnakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa wakae pamoja, ili wapate shule, maji na dawa. Palipokuwa shamba la mmoja pakajengwa nyumba za wengi, na mashamba yakagawanywa upya, mara nyingi bila karatasi wala fidia. Wengine walipata kuliko walivyokuwa nacho; wengine walipoteza walichorithi. Baada ya miaka kupita, waliopoteza wakaanza kwenda mahakamani kudai mashamba yao ya zamani, na wengi wakashinda. Serikali ikaogopa kwamba vijiji vitavunjika. Ndipo Bunge likatunga Sheria namba 22 ya mwaka 1992, iliyoanza kazi tarehe 28 Desemba 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za mila katika ardhi za vijiji vilivyoanzishwa wakati ule, ikakataza fidia, ikafunga milango ya mahakama, ikasimamisha mashauri yaliyokuwa yakiendelea, na kuzuia hata hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Huko Kambi ya Simba, ambako wakati ule kulikuwa katika Wilaya ya Mbulu na leo ni katika Wilaya ya Karatu, waliishi baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Walikuwa wamefungua shauri mwaka 1987 katika mahakama ya Arusha kudai ardhi yao ya mila, wakashinda, wakarudishiwa shamba. Wenzao wakakata rufani. Rufani ikiwa bado haijasikilizwa, sheria ile ikaja na kuwaambia kwamba haki yao imefutwa, shauri lao limekwisha, na ushindi wao si kitu.

Watu wengi wangalikaa kimya. Hawa wawili hawakukaa kimya. Walirudi Mahakama Kuu ya Arusha, safari hii si kumshtaki jirani, bali kuishtaki sheria yenyewe kwamba inavunja Katiba. Jaji Munuo aliwakubalia na kuitangaza sheria ile kuwa batili. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani, na shauri likasikilizwa na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Hukumu ikatolewa tarehe 21 Desemba 1994.

Upande wa Serikali ulileta hoja iliyo kongwe. Ulisema kwamba mtu akaliaye ardhi kwa mila hana mali yoyote katika ardhi. Ardhi ni ya umma, yeye ana ruhusa ya kuitumia tu. Na kwa kuwa si mali, Katiba inayolinda mali haimhusu. Mwaliona swali letu lile la zamani limerudi tena: mwenye mali au mpangaji anayevumiliwa?

Mahakama ya Rufani ilijibu bila kuzunguka. Ilisema kwamba kama hoja ile ingekuwa kweli, basi wakazi wengi wa Tanzania Bara wangekuwa si bora kuliko wavamizi katika nchi yao wenyewe. Ikaeleza kwamba Rais ameshika ardhi ya umma kama mdhamini, kwa faida ya wananchi. Na mdhamini hawezi kuijitwalia mali aliyopewa kuitunza, wala kumfukuza yule ambaye anaitunza kwa ajili yake. Ikatamka kwamba haki ya kuikalia ardhi kwa mila, ingawa ni haki ya kukaa na kutumia, ni mali kamili inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa pasipo fidia ya haki. Tena ikaongeza jambo ambalo kila mkulima angefaa kulishika: fidia si kwa nyumba na miti tu. Mtu akitia jasho lake katika ardhi, akafyeka na kulima, jasho lile nalo lina thamani. Hapo mahakama iliyakumbuka mawazo ya Mwalimu Nyerere aliyoyaandika mwaka 1958 juu ya mtu anayeibadili zawadi ya Mungu kwa nguvu za mikono yake. Fidia yaweza kuwa fedha, na mara nyingine yaweza kuwa shamba jingine. Bali lazima iwe ya haki.

Mahakama haikuifuta sheria yote kama Mahakama Kuu ilivyofanya. Ilifuta vifungu vile vilivyozidi Katiba, pamoja na vile vilivyofunga milango ya mahakama, na vingine ikaviacha. Lakini neno kuu lilikuwa limekwisha kutamkwa. Miaka mitano baadaye Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2001. Sheria hiyo yasema kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ina hadhi na nguvu sawa na haki iliyotolewa kwa hati ya Serikali, na kwamba ardhi ikitwaliwa, fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Baba na mwana wa Kambi ya Simba walidai shamba lao, nasi sote tukafaidika.

Sasa yupo atakayesema: basi tumeshinda, karani, kwa nini unatuchosha? Nami namjibu: linganisha Mulbadaw na Kambi ya Simba. Wote walikuwa watu wa mila. Wote walikuwa na uchungu. Huko Mulbadaw haki ilikosa ushahidi. Huko Kambi ya Simba ushahidi ulikuwa umekwisha kusikilizwa na mahakama ya chini, na kilichobaki ni neno la sheria. Hukumu ya mwaka 1994 imetupa haki. Haikutupa ushahidi. Ushahidi ni kazi yetu wenyewe.

Niwaeleze lililonipata mimi, ingawa si la kujisifia. Baba yangu alikuwa na shamba upande wa Bonga, na mpaka wake na jirani ulikuwa mstari wa minyaa. Ninyi mwajua minyaa. Mkoa wetu wa Manyara, kama wasemavyo wengi, umepata jina lake kwa mti huo katika lugha ya Wamasai, kwa kuwa hupandwa kuwa ua wa boma. Baba na jirani walikuwa marafiki. Waliipanda minyaa ile pamoja, mzee mmoja wa kitongoji akiwa shahidi. Nilipomaliza shule ya misheni na kupata kazi ya ukarani, baba aliniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Andika mpaka huu kwenye karatasi, sisi wawili tutie dole gumba, na mzee atie lake." Nikasema, "Ndiyo, baba, likizo ijayo." Likizo ikaja, ikapita. Ikaja nyingine. Mimi niliyekuwa naandika mipaka ya watu wengine kila siku, mpaka wa baba yangu sikuuandika.

Jirani akafa. Yule mzee shahidi akafa. Kiangazi kimoja minyaa ikakatwa, ikachomwa moto, na wana wa jirani wakalima hatua arobaini ndani. Barazani baba alisimama na fimbo yake, akaeleza kila kitu kwa uaminifu. Wale nao wakaeleza kwa sauti kubwa kuliko yake. Mwenyekiti wa baraza akauliza, "Mzee, una shahidi?" Baba akanitazama mimi. Sikuwa na la kusema, maana nilipopandwa mpaka ule sikuwa nimezaliwa. Kipande kile kilikwenda. Baba hakunilaumu hata siku moja, nayo ndiyo adhabu yangu mpaka leo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, sikulifungua.

Basi nawaomba mwende nyumbani na mambo haya matano.

La kwanza, andikeni mipaka wakati wa amani. Msingoje ugomvi. Waiteni majirani wa pande zote nne, mtendaji wa kijiji na wazee, mtembee mpaka mzima, mwandike majina ya mashahidi na alama zilizopo, kila mmoja atie sahihi au dole gumba, na nakala ikae katika ofisi ya kijiji. Minyaa hukatwa, karatasi zilizo mahali pawili si rahisi kuzichoma zote.

La pili, ninyi wenyeviti, tunzeni mihtasari. Kijiji kikigawa ardhi, iandikwe katika muhtasari wa halmashauri, na pale sheria inapotaka, ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Hakikisheni kijiji kina cheti chake cha ardhi. Kumbukeni Mulbadaw: mahakama iliuliza ardhi iligawiwa lini na nani, na jibu lililotosha halikupatikana.

La tatu, ombeni Hati ya Hakimiliki ya Kimila, nayo iandikwe majina ya mume na mke. Hati haikuundi haki usiyokuwa nayo, bali huitangaza ile uliyo nayo, hata mgeni asiyekujua aione. Na mjane ambaye jina lake limo ndani ya hati hahitaji kumbembeleza shemeji.

La nne, msichelewe. Shauri la kudai ardhi lina muda wake wa miaka 12. Mtu akikaa kimya huku mwingine analima mbele ya macho yake mpaka muda huo ukapita, mahakama yaweza kumfungia mlango hata kama babu yake ndiye aliyefyeka msitu. Vilevile, mtu akishindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ana siku 45 za kukata rufani Mahakama Kuu. Nimewaona watu wakija siku ya sitini wakiwa na machozi. Machozi hayarudishi kalenda nyuma.

La tano, fuateni ngazi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu sharti wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, husuluhisha tu wala halikati tena shauri. Likishindwa kupatanisha, shauri huenda Baraza la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Msiudharau usuluhishi wa chini. Shamba lililopatanishwa chini ya mti kwa maelewano ni bora kuliko lililoshindaniwa miaka kumi na kuacha majirani hawazikani. Lakini usuluhishi nao uandikwe.

Walimu, nina neno kwenu. Ninyi ndio kalamu ya vijiji. Katika kila kijiji yuko mzee asiyejua kusoma ambaye kichwani mwake mna mipaka ya mashamba arobaini, na atakapozikwa, mipaka hiyo itazikwa pamoja naye. Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha kukaa naye na kuandika. Kazi hiyo haina mshahara, bali itawaponya watoto mnaowafundisha wasije wakauana kwa mapanga juu ya mstari wa minyaa.

Na ninyi wazee, ambao zamani watu walikuja kwenu kabla ya kwenda kwa yeyote, msidhani sheria imewanyang'anya heshima. Haki ile iliyotamkwa mwaka 1994 ni haki ya mila, na mila mnaijua ninyi. Mahakama imesema neno lenu ni mali. Litieni basi katika maandishi mngali hai.

Baba yangu angali hai, namshukuru Mungu. Mwezi uliopita nilikwenda Bonga, nikawaita majirani wa pande zote nne, hata wale wana wa jirani, tukatembea mpaka uliobaki. Tuliandika kurasa mbili. Baba alitia dole gumba, akaiinua karatasi juani kama mtu anayetazama kama ni noti ya kweli, kisha akaniambia niiweke mahali panya wasipofika. Kile kipande hakikurudi. Lakini mwanangu hataulizwa swali nililoulizwa mimi.